Fedha za Mkwe: Maelezo juu ya Filamu ya Fargo na Historia Yake

Mwaka 1996 ilitokea Marekani filamu moja iliyopewa jina la mji, walakini mji wenyewe hauonekani ndani yake ila kwa dakika chache za mwanzo. Fargo ni mji wa jimbo la North Dakota. Karibu mambo yote ya filamu hiyo yatendeka katika jimbo jirani la Minnesota, hasa Minneapolis na mji mdogo uitwao Brainerd. Waliotunga ni ndugu wawili, Joel Coen aliyezaliwa mwaka 1954 na Ethan aliyezaliwa mwaka 1957, nao wote wawili walilelewa katika St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis. Basi hawakuandika habari za watu wa mbali. Waliandika juu ya majirani wa utoto wao, na wako katika majirani hao waliochukizwa, wakasema kwamba matamshi yao yamefanyiwa mzaha.

Nina sababu ya kuileta habari hii mbele ya wasomaji wa Kiswahili, nayo ni kosa langu mwenyewe. Filamu hiyo yaanza kwa maandishi yanayosema kwamba kisa ni cha kweli, kwamba mambo yalitokea Minnesota mwaka 1987, kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la waliosalia, na kwamba mengine yote yamesimuliwa kama yalivyokuwa, kwa heshima ya waliokufa. Nilipoiona mara ya kwanza, nikiwa masomoni ng'ambo, niliyasadiki maneno hayo. Niliporudi nyumbani na kupewa vipindi vya mazungumzo na matumizi ya lugha, niliitolea mfano darasani kwa muda wa miaka miwili kama tukio lililopata kutokea. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa na subira ya kukaa mpaka majina ya watendaji yalipokwisha kupita, ndiye aliyeniambia kwa adabu kwamba mwishoni kuna tangazo jingine, lile la kawaida, lisemalo kwamba watu wote wa filamu ni wa kubuniwa. Nilikwenda kutazama, nikakuta ni kweli. Filamu hiyo hujishuhudia mara mbili, na ushahidi wa pili waukana wa kwanza.

Ndugu hao baadaye walieleza kwamba vipande viwili tu vilikuwa na asili katika mambo halisi: udanganyifu wa mfanyakazi mmoja wa biashara ya magari aliyechezea nambari za magari ili apate mikopo, na mauaji ya mwanamke mmoja huko Connecticut mwaka 1986, ambapo mume aliuharibu mwili kwa mashine ya kusaga miti. Vilivyobaki ni mambo ya kutunga. Hata mhariri wa filamu, Roderick Jaynes, hakuna mtu wa jina hilo. Ni jina walilojipa ndugu wenyewe kwa kazi ya kukata na kuunga picha. Mtu huyo asiyekuwapo duniani aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika Fargo.

Sisi tuliokuzwa kwa hadithi twapaswa kuelewa upesi zaidi kuliko nilivyoelewa mimi. Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, hakuwa na haja ya kuuliza kama mambo yale yalitokea. Msimulizi akisema "Paukwa," na watu wakiitikia "Pakawa," mapatano yamekwisha kufungwa baina yao, na mtu hatazamii kesho kuuona mji wa sultani. Akina Coen walifanya kinyume cha Paukwa. Waliufunga mlango wa hadithi wakafungua mlango wa mahakama, wakamkalisha mtazamaji mahali pa shahidi. Mtu atazamaye kama shahidi hacheki kwa urahisi. Na akicheka, kicheko humsuta. Ndipo palipo nguvu ya filamu hii. Hata hivyo sidhani kwamba hila hiyo haina gharama. Historia huishi kwa neno "ilitokea," na neno hilo likitumiwa kama chumvi ya kukoleza mchuzi, sisi tunaolihitaji kwa kazi hukuta limepungua ladha. Nayasema haya kama mtu aliyekwisha danganywa, kwa hiyo msomaji na ayapime.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Jerry Lundegaard ni mkuu wa mauzo katika duka la magari la Minneapolis, na mwenye duka ni mkwewe, Wade Gustafson. Jerry ana shida kubwa ya fedha. Kwa nini, filamu haisemi, na kutosema huko ni kwa makusudi. Asafiri mpaka Fargo kuonana na wahalifu wawili, Carl Showalter na Gaear Grimsrud, akawakabidhi gari jipya na kuwaagiza wamteke nyara mkewe, Jean, ili baba yake mwenye mali atoe fedha za kumkomboa. Wahalifu wamchukua mwanamke. Usiku ule ule, karibu na Brainerd, askari wa barabarani awasimamisha, wamwua. Wapita njia wawili waona, wauawa nao. Upelelezi waangukia mikononi mwa mkuu wa polisi wa Brainerd, Marge Gunderson, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, mwenye maneno mapole na hamu kubwa ya kula. Hata filamu ikome, watu saba wamekufa, na miongoni mwao ni Jean mwenyewe na baba yake.

Wasomaji wa jarida hili huenda wakaniuliza kama hizi kweli ni fedha za wizi. Hapa lugha yetu yasaidia kuliko Kiingereza. Sisi tuna kuiba, na tuna kuibia. Kitu huibwa, bali mtu huibiwa, na kiambishi kile kidogo cha kutendea humleta mwenye mali mbele ya macho yetu, hata mwizi hawezi kumficha. Mtu akisema "nimeiba fedha," huenda akalala usingizi. Akisema "nimemwibia baba wa mke wangu," amekwisha jihukumu. Jerry, tangu mwanzo hata mwisho, huishi katika kitenzi cha kwanza. Kwake yeye kuna fedha mahali fulani na kuna haja mahali pengine, na kazi ya mtu mwerevu ni kuzihamisha. Kwamba katikati ya mahali hapo pawili yumo mke, na mtoto wa kiume aitwaye Scotty, jambo hilo humjia akilini kwa kuchelewa. Rafiki wa familia ndiye anayemwuliza hali ya mtoto. Baba alikuwa hajafikiri.

Neno la pili ni mkwe. Kwetu neno hili huenda pande zote mbili: mimi ni mkwe wa baba wa mke wangu, naye ni mkwe wangu, na katika nchi zetu nyingi heshima baina yetu ni kubwa hata yapita ile ya baba na mwana. Wako wasioweza kula pamoja na mkwe, wako wasiotamka jina lake. Jerry humwita mkwewe "Wade," kavu, kama amwitavyo mwuza magari mwenzake. Msikilizaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba huo ni utovu wa adabu. La, ndiyo desturi yao. Kule heshima haikai katika kuitana, yakaa katika nani mwenye duka. Wade hana haja ya kuitwa baba, ana funguo. Jerry aweza kumwita kwa jina lake kila siku ya maisha yake, na bado akasimama mbele yake kama karani anayengoja mshahara. Ukitaka kuona jinsi watu wanavyoweza kuwa jamaa bila ya kuwa na undugu, tazama chumba kile cha Wade, ambamo Jerry amleta habari ya kiwanja cha kujengea maegesho ya magari, akiomba akopeshwe dola 750,000, na mkwe ampokonya biashara yenyewe, akamwahidi ujira wa mtu aliyeleta habari.

Hesabu za filamu hii zastahili kutazamwa peke yake, kwa maana kila mtu ndani yake ana hesabu yake. Kampuni ya mikopo inadai dola 320,000 ambazo Jerry alizipata kwa kutaja magari yasiyokuwapo. Akiulizwa nambari za magari, hupeleka karatasi zisizosomeka. Wahalifu wameambiwa kwamba fidia ni 80,000, na wao watapata nusu pamoja na gari. Mkwe ameambiwa kwamba fidia ni 1,000,000. Baada ya kuua watu watatu Carl ataka 80,000 yote, akiona kwamba amekuwa mkali sana. Wade naye, katika mkahawa, auliza kama haifai kuwapa wahalifu nusu milioni tu. Mtu anapatana bei ya binti yake kama apatanavyo bei ya gari, na mwenzake ampa shauri kwa utaratibu, na kijana wa malipo awatakia siku njema! Hapana mahali pengine katika filamu hii panaponitia baridi kama hapo, na wote waliotazama pamoja nami siku ya kwanza walikuwa wakicheka.

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wade akataa kumwachia mkwewe kazi ya kupeleka fedha, aenda mwenyewe na bastola, akauawa juu ya ghorofa ya maegesho, naye Carl ajeruhiwa taya. Carl afungua mkoba, akuta milioni. Atoa 80,000 kwa ajili ya kugawana na mwenzake, na 920,000 aufukia mkoba wake katika theluji kando ya ua wa waya, akachomeka kikwaruzo cha barafu kuwa alama. Kisha atazama kulia na kushoto: ua ule ule, nguzo zile zile, theluji ile ile, hapana mti wala jiwe. Karibu watu wote waliojua habari za fedha zile wamekufa au wamefungwa, na hakuna hata mmoja aliyejua habari yote. Filamu haizitaji tena. Ilikuwa mpaka mwaka 2014, ulipotungwa mfululizo wa televisheni wa jina lilo hilo, ndipo mtungaji mwingine alipomleta mtu wa kuufukua mkoba.

Nimesema juu ya matamshi, na kama mwanaisimu sina budi kurudi hapo. Katika karne ya 19 watu wengi wa Norway na Sweden walihamia Minnesota. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 iliyowapa walowezi eka 160 kila mmoja iliwavuta wengi. Lugha zao zilififia baada ya vizazi vichache, lakini ziliacha wimbo wake ndani ya Kiingereza cha huko, na ziliacha neno la kuitikia, "yah," ambalo laonekana kila mahali katika filamu hii. Majina yenyewe, Lundegaard, Gustafson, Gunderson, yote yatoka ng'ambo ile. Muziki wa filamu, uliotungwa na Carter Burwell, umejengwa juu ya wimbo wa kale wa Norway kuhusu kondoo aliyepotea. Nje ya Brainerd yasimama sanamu ya Paul Bunyan, mkata miti wa visa vya huko, ameshika shoka. Na mtazamaji aliye makini atalikumbuka shoka lile baadaye.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko matamshi ni adabu. Watu wa filamu hii husalimiana, huulizana hali, hushukuru, hukubaliana kabla ya kusikia. Neno "yah" hutumika kuziba kila ufa wa mazungumzo. Sisi tunajua habari za namna hiyo. Salamu zetu nazo zaweza kuchukua robo saa, na mtu huitikia "salama" hata kama nyumba inaungua, kisha ndipo aeleze. Tofauti ni kwamba kwetu "salama" ni mlango wa habari. Kwa Jerry "yah" ni kufuli. Katika kipande kimoja twamsikia akiwa peke yake akifanya mazoezi ya kumpigia mkwewe simu ya kumwarifu kwamba Jean ametekwa. Ajaribu sauti ya hofu, aiacha, ajaribu nyingine, atengeneza kigugumizi, kisha apiga simu yenyewe. Kwa mwalimu wa lugha hicho ni kipande cha dhahabu. Mtu atunga majonzi yake kama karani aandikaye rasimu ya barua, na hofu aliyokuwa nayo kwa kweli, ya kwamba mpango umemponyoka, haipati hata neno moja.

Marge naye atumia adabu ile ile, lakini kwa kazi nyingine. Wakosoaji wengine waliona kwamba kipande cha Mike Yanagita hakina kazi katika filamu. Huyu ni mtu aliyesoma na Marge shule. Wakutana hotelini, naye asimulia kwa machozi kwamba alioa na mkewe akafa. Kesho yake Marge aambiwa kwamba yote yalikuwa uongo: hakuoa, wala mwanamke yule hakufa. Nami naona kwamba kipande kile ni bawaba ya mlango wote. Mpaka hapo Marge alikuwa amemwuliza Jerry maswali na kuridhika na majibu yaliyotolewa kwa upole. Baada ya kugundua kwamba mtu mwenye adabu na machozi aweza kudanganya bila sababu, arudi dukani kwa Jerry na kuuliza tena, na Jerry atoroka. Frances McDormand alipata Oscar kwa kuwa Marge, na ndugu wawili walipata nyingine kwa maandishi; Joel alikuwa amekwisha pewa tuzo ya uongozaji huko Cannes mwaka huo wa 1996.

Tukitafuta ukoo wa kisa hiki, twafika mbali kuliko Minnesota. Katika Jataka za Wabuddha mna habari ya wezi waliouana kwa ajili ya hazina hata wakabaki wawili. Mmoja akaenda kutafuta chakula akakitia sumu, mwenziwe akamngoja kwa upanga, na wote wakafa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitia kisa cha namna hiyo katika Ihya, kitabu wakijuacho wanazuoni wa pwani yetu, nacho chamhusu Nabii Isa, mwenzi wa safari, na dhahabu. Mwingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikisimulia kinywani mwa mwuza misamaha ya dhambi. Tazama sasa Carl na Gaear: mmoja aenda kuleta fedha, wa pili abaki nyumbani na mateka, aliyekwenda arudi akiwa amemficha mwenzake sehemu kubwa, wagombana juu ya thamani ya gari, aliyebaki amwua aliyekwenda. Sumu ndiyo tu iliyokosekana. Carl afa akiwa na dola 920,000 katika theluji, kwa kukataa kulipa nusu ya bei ya gari.

Kilichoongezwa na akina Coen ni ukoo. Wale wa zamani walikuwa watu baki waliokutana njiani. Sinema ya Kiingereza ilikwisha anza kucheka mauaji ya jamaa katika Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949, ambamo Alec Guinness alicheza watu wanane wa nasaba moja, nayo The Ladykillers ya mwaka 1955 iliwacheka wezi waliomalizana nyumbani mwa bibi kizee. Akina Coen waliitengeneza upya mwaka 2004. Katika filamu zile, hata hivyo, wauaji ni watu wa madaha, na mtazamaji huwapenda kidogo. Jerry hapendeki. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata kuuma hakuuma mwenyewe, alikodi meno.

Lipo pia swali la jina. Wanafunzi wangu huita aina hii "kichekesho cheusi," nami sikuwahi kuridhika, kwa kuwa weusi wa Kiingereza haubebi katika lugha yetu maana ile ile. Sisi tunacho kicheko cha msibani tangu zamani, nacho ni utani. Mngoni akifiwa, mtani wake Mhehe huja na kuwacheka wafiwa, huigiza mwenendo wa marehemu, huzuia mambo mpaka apewe kitu; na huu ni urafiki uliozaliwa na vita vya karne ya 19. Kwa hiyo nimependekeza darasani "kichekesho cha matanga." Mwanafunzi yule yule aliyenisahihisha mara ya kwanza alipinga: mtani, alisema, hucheka kwa ruhusa, na anachochukua msibani hakiitwi wizi, katika Fargo hakuna aliyempa mtu ruhusa. Nakubali kwamba hoja yake ni nzito. Nasema tu kwamba ruhusa inayokosekana ndani ya filamu huenda ikawa imepewa sisi tulioketi nje, na kwamba jina hilo bado ni bora kuliko lile la rangi. Wenye lililo bora na walilete.

Mwisho wa kazi yake Marge amkuta Gaear akiusaga mwili wa mwenzake, ampiga risasi ya mguu, amtia garini. Njiani azungumza naye kwa sauti ya mwalimu wa watoto, akiwataja waliokufa mmoja mmoja, akishangaa kwamba yote yalikuwa kwa ajili ya fedha kidogo. Gaear hajibu, katika filamu nzima maneno yake yaweza kuhesabika. Jerry akamatwa katika hoteli ya njiani nje ya Bismarck, akipiga yowe na kujaribu kutokea dirishani akiwa na nguo za ndani. Kisha twarudi Brainerd, chumbani. Norm, mumewe Marge, ni mchoraji, naye amepata habari kwamba picha yake ya bata itatiwa katika stempu ya senti 3, ilhali ile kubwa imekwenda kwa mwingine. Anaona kwamba ni kidogo. Marge amwambia kwamba kila gharama ya barua inapopanda watu huhitaji stempu ndogo za kujazia. Wajifunika, wanahesabu miezi miwili iliyosalia kabla ya mtoto kuzaliwa.